Mchanga wa Mbudya

Miaka kumi na mmoja nimekijua kisiwa kwa mifuko.
Mifuko ya bukta, mifuko ya magauni ya pwani,
pindo za taulo zinazorudi jioni chumba cha kufulia,
nzito kama zimebeba mtoto aliyelala.
Napindua, nakung'uta,
na chini ya mashine ya tatu unabaki mchanga mweupe,
laini kuliko sembe.
Wetu wa huku Kunduchi una rangi ya chai ya maziwa.
Semeni huusukuma kwa ufagio akisema:
"Kisiwa kinahamia kwetu kidogo kidogo.
Tukistaafu kitakuwa kimekwisha."

Mwezi wa tatu umeingia, wageni wamepungua.
Kaskazi imechoka, masika bado yanasuasua njiani,
na joto limekaa katikati kama mtu asiye na nauli.
Ghorofa mbili zimezimwa taa.
Meneja akatuita mmoja mmoja, kwa sauti ya kutoa habari za mgonjwa:
likizo, wiki tatu, mpaka hali itengemae.
Neno mshahara akalimeza pamoja na mate.

Nikatoka getini. Sikwenda nyumbani.

Mkata tikiti akauliza: mkazi au mgeni?
Swali dogo, lakini lilinisimamisha.
"Mkazi," nikasema,
akaandika Kidawa Shomvi kwenye daftari
ambalo mstari wa juu yake ulikuwa wa juzi.

Botini tulikuwa mimi, gunia la mkaa, ndoo ya barafu,
na kijana Mkumbukwa aliyevikalia vyote viwili.
"Unamfuata nani huko?"
"Simfuati mtu."
Akanitazama, akatazama mkoba wangu,
akaona afadhali azungumze na injini.

Mbudya haikuwa na mtu.
Vibanda vya makuti vilisimama wazi, vivuli vyake havina wa kuvilalia.
Vichaka vimekauka hadi vinasema ukivipita.
Maji yametulia, yanaonyesha kila kitu:
kokoto, mkia wa kamba, miguu yangu yenye sabuni ya miaka.

Nikaketi. Nikangoja kitu kianze.
Hakuna aliyewahi kunifundisha kukaa bure,
na mikono ikaona aibu, ikachukua kanga,
ikakunja mara mbili, mara nne, kona juu ya kona.
Nikaikunjua. Ikakunja tena.
Mara ya tatu nikacheka peke yangu, kwa sauti,
kenge akakimbia.

Mkumbukwa alileta changu wa kuchoma na bei ya mgeni.
"Mimi mkazi," nikamwambia, "nimeandikwa."
Akashusha. Nikamwambia shusha tena.
Akashusha, akaketi, tukala wote,
maana samaki alikuwa mmoja na msimu wenyewe ndio huu.

Kisha nikainua macho ng'ambo.
Jiji lote lilikuwa mstari mwembamba, kama pindo lililoshonwa kwa haraka.
Nikalitafuta paa letu. Nikalipata
kwa vidoa vyeupe juu ya kamba:
shuka, nilijua ni shuka, na nilijua nani kazianika,
maana Semeni huacha nafasi ya kiganja kati ya moja na nyingine.
Mwingine angeona weupe tu. Mimi nilihesabu.
Nane.
Vitanda vinne, basi.
Watu wanne wamelala Dar es Salaam usiku kucha kwa gharama,
na asubuhi hawakuvuka.

Boti ya saa kumi ikanirudisha.
Nyumbani nikavua, na sakafu ya saruji
ikamwagikiwa na kile ninachokifahamu.
Sikuchukua ufagio.
Nilipita juu yake pekupeku, nikaenda, nikarudi,
nikasikiliza.

Usiku simu ikaita, ujumbe wa Semeni:
*Wamebaki wanne. Kesho watatu. Ulikuwa wapi?*
Nikamjibu:
nilikwenda kuangalia kama hatujakimaliza.
Kipo.